Programu ya Mafuriko Inahamia Ghala la Pamoja

(Hotuba iliyotolewa mbele ya kamati za sharika za Kinondoni na Temeke pamoja na wafadhili wa mradi)



Katika ajenda ya leo kuna mstari ambao wengi mmetuuliza maana yake: "kuhamisha msimbo wa programu". Ni jambo la mafundi, lakini limeshatugharimu masika moja nzima, kwa hiyo tunaomba mtuvumilie.

Mnaikumbuka kazi ya kupima mafuriko. Vijana wa sharika walipita nyumba kwa nyumba na simu, wakimwomba mwenye nyumba aonyeshe ukutani maji yalifika wapi. Njia hiyo hatukuibuni sisi. Tuliiona kwa Ramani Huria, mradi ulioanza mwaka 2015, ambapo wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishirikiana na wakazi kuchora mitaro na njia za maji. Ramani zile ziliwekwa OpenStreetMap, na yeyote anaweza kuzitumia.

Kwetu, majibu ya kaya yaligeuzwa kuwa ramani na programu ndogo aliyoiandika kijana wetu mmoja. Msimbo, yaani yale maandishi ya fundi yanayoiambia kompyuta la kufanya, ulikaa kwenye kompyuta yake tu. Kompyuta ikaibiwa kwenye daladala. Majibu tulikuwa nayo, na ramani ya mwaka uliotangulia ilikuwa ukutani ofisini, ila cha kutoka kwenye majibu hadi kwenye ramani kilikuwa kimekwenda. Kijana tusimlaumu. Sisi tunaodai stakabadhi ya shilingi elfu mbili kwa mhazini, hatukumwuliza hata siku moja nakala ya pili iko wapi. Kuandika upya kulichukua miezi mitano. Masika ikapita bila ramani, na kamati mbili zikachimba mitaro kwa kukisia.

Hata wakubwa huhama. Open Data Kit, programu ya fomu tunayoitumia kwenye simu, ilianzishwa mwaka 2008 katika Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, na miongoni mwa walioitumia mapema ni AMPATH ya Eldoret, Kenya, katika huduma za UKIMWI majumbani. Msimbo wake ulitunzwa Google Code, ghala la bure la kampuni ya Google. Machi 2015 kampuni ilitangaza kulifunga. Agosti mwaka huohuo halikupokea tena mabadiliko, na Januari 2016 likafungwa. Miradi mingi ilihamia GitHub, Open Data Kit ikiwemo, na sisi tunaitumia mpaka leo. Kwa hiyo msituelewe kwamba ghala la pamoja halifungwi. Linafungwa, ila wenzetu walipewa muda, na nakala zilikuwa mikononi mwa wengi.

Sisi tunahamia Git, mfumo ulioanza mwaka 2005. Chukueni mfano wa daftari la vikao. Likikaa kabatini kwa katibu, nyumba ikiungua limekwisha. Kwa Git kila mjumbe ana daftari zima tangu ukurasa wa kwanza, na kila badiliko lina tarehe, jina la aliyeandika na sababu yake. Atakayekuja baada yetu ataona kwa nini Mbagala tuliacha kuuliza "maji yalifika gotini" tukaanza kupima kwa sentimita. (Magoti ya watu hayalingani, tulijifunza kwa taabu.)

Kunakili msimbo wenyewe ni kazi ya dakika chache. Kilichotuchelewesha ni usafi. Fundi aligundua kwamba nywila ya hifadhi ya majibu imeandikwa ndani ya msimbo. Kuifuta hakukutosha, maana kurasa za nyuma za daftari zinaikumbuka, hivyo ilibidi kubadilisha nywila yenyewe. Wazee wa Temeke nao waliuliza swali zuri: je, majina ya watu wetu yatasomwa na dunia nzima? Hapana. Kinachoingia ghalani ni programu. Majibu ya kaya, majina na namba za simu vinabaki mahali pengine penye kufuli, na kila badiliko litakaguliwa na mtu wa pili kabla halijaingia.

Lililobaki ni lenu. Ghala litafunguliwa kwa jina la mradi, si la mtu, na funguo zitakuwa kwa watu watatu: mmoja ofisini, mmoja kutoka Kinondoni, mmoja kutoka Temeke. Mhusika akihama au akipata kazi kwingine, ufunguo wake ufutwe wiki hiyohiyo, na kamati yake ilete jina jipya. Kwa wafadhili, ombi letu halipendezi kwenye picha: siku za fundi za kuhamisha, kusafisha na kuandika maelezo, kisha siku chache kila mwaka za kutunza. Bajeti zetu zilizopita zilikuwa na simu, fulana na mafuta ya gari, lakini mstari huu haukuwemo.

Kamati zituletee majina mwisho wa mwezi huu, tuwafundishe kabla mvua za vuli hazijaanza.