Njia ni ya Mtoto Pia
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wafanyakazi wa mgodi na wenyeji wa mji, Kisangani)



Sisi tunaosema nanyi ni makarani wa mgodi. Kazi yetu ni kuandika. Jiwe likimwangukia mtu mguuni, kabla ya jioni jambo hilo limekwisha kuandikwa katika daftari: saa, mahali, jina na sababu. Kesho yake msimamizi anaulizwa: mmefanya nini ili jiwe la pili lisianguke? Kofia ngumu, taa, kibao cha hatari, vyote hivyo vilitoka katika daftari lile. Hakuna anayeruhusiwa kusema, “Ni bahati mbaya,” akafunga kitabu.

Sasa tutazame njia za mji wetu. Mtoto wa mwenzetu mmoja aligongwa na pikipiki akienda shule. Mguu ulivunjika. Wazee walikaa, mwenye pikipiki akatoa fedha ya dawa, watu wakapatana, maneno yakaisha. Hayakuandikwa popote. Halafu mtoto wa pili akagongwa mahali pale pale. Je, tushangae? Kusameheana ni jambo jema, lakini hakuzuii ajali ya pili.

Ndugu, mji huu uliitwa Stanleyville mpaka mwaka 1966. Njia pana za katikati zilipimwa wakati wa Wabelgiji, na mwenye motokari alikuwa mkubwa. Sisi tulikuja kazini kwa miguu. Uhuru tuliupata tarehe 30 Juni 1960. Lakini hata leo mama anayetoka Mangobo au Kabondo na kapu kichwani anaruka mtaroni akisikia honi. Wakati wa vita, petroli ilipoadimika, toleka ndizo zilizotubeba. Baiskeli ile ilikwenda pole, na mtoto aliiona ikija. Siku hizi pikipiki zimechukua nafasi yake, na mwendo umebadilika.

Mwendo ndio unaoua. Chombo kinachokwenda kilometa 30 kwa saa kinapita meta 8 hivi kwa sekunde moja. Kikienda 60, kinapita karibu meta 17, na nguvu yake ya kugonga haiwi mara mbili, ila mara nne. Ninyi mnaoshika nyundo mnajua maana ya maneno hayo. Shirika la Afya la Ulimwengu lilihesabu katika taarifa ya mwaka 2023 kwamba watu karibu 1,190,000 hufa njiani kila mwaka. Ulimwenguni, kwa watu wa miaka 5 hadi 29, hakuna ugonjwa unaowaua kuliko ajali hizo.

Wengine watasema: “Hiyo ni kazi ya nchi tajiri.” Sivyo. Dar es Salaam, kwa Waswahili wenzetu, shirika la Amend lilianza kwa kuuliza: ni shule zipi ambazo watoto wake wanaumia zaidi? Huko wakajenga matuta ya kupunguza mwendo, wakachora mistari ya kuvukia, wakatenga njia ya miguu, na mahali pengine wakahamisha mlango wa shule uelekee njia tulivu. Majeraha ya watoto yalipungua kwa kadiri ya robo. Hawakuhitaji daraja la chuma wala taa za umeme. Walihitaji hesabu, saruji na rangi.

Basi tunaomba mambo matatu.

La kwanza: kila mtaa umchague mtu mmoja anayejua kuandika, ashike daftari. Kila ajali iandikwe, hata kama watu wamepatana.

La pili: daftari hizo zikusanywe, nasi tuwapelekee wakubwa wa komini barua yenye hesabu, tukiomba matuta mbele ya shule. Tusijichimbie mitaro wenyewe usiku. Tuta lisilo na rangi wala kibao humwangusha mwenye pikipiki gizani, na yeye pia ni mtoto wa mtu.

La tatu ni lenu, vijana. Msituchukie. Wengi wenu ni wana wetu, na wengine mlinunua pikipiki kwa fedha ya mgodi. Tunajua kila safari ni chakula cha nyumbani. Lakini mbele ya shule, saa ya kuingia na saa ya kutoka, punguzeni mwendo. Mtapoteza dakika moja tu.

Mgodini tunakataa kufa kwa uzembe. Kwa nini watoto wetu wafe kwa uzembe juani, mbele ya macho yetu? Kesho asubuhi daftari la kwanza litakuwa mezani petu, na kalamu iko tayari. Nani ataandika jina lake kuwa karani wa mtaa wake?