Tope Halipigi Hodi



Asubuhi ya Desemba 3, 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka. Tope, mawe na miti vilishuka mpaka Katesh. Watu zaidi ya 80 walikufa.

Je, sisi tunaokaa chini ya milima tufanye nini? Kalamu tunayo. Leo jioni kila nyumba iandike karatasi moja: nani atambeba bibi, nani atashika watoto, tutakutana wapi palipoinuka, mbali na korongo. Tuisome kwa sauti, wote wasikie. Kisha tuibandike mlangoni.

Mlima ukinguruma, au mto ukigeuka tope ghafla, tutoke mara moja, hata usiku. Tusirudie mbuzi. Mbuzi hununuliwa, mtu hanunuliwi.