Mwongozo umebadilika, macho ya mtaa bado



Juma hili tuzungumzie lalamiko linalosikika sana ndani ya daladala na kwenye vibaraza: eti madaktari hawana msimamo. Leo wanasema ugonjwa hutambuliwa kwa dalili hizi, kesho wanazifuta na kuandika nyingine. Lilisikika wakati wa korona mwaka 2020. Mwanzoni walitafutwa wenye homa na kikohozi waliotoka China, baadaye hata aliyeshindwa kunusa harufu ya mchuzi akaingizwa kwenye orodha. Watu wakauliza: wataalamu gani hawa?

Lalamiko hilo ni la zamani kuliko korona. Ukimwi ulipita njia hiyo hiyo, na safari yake ina funzo.

Tarehe 5 Juni 1981 idara ya udhibiti wa magonjwa ya Marekani ilitoa taarifa ya vijana watano wa Los Angeles waliopatwa na nimonia isiyo ya kawaida. Kirusi kilikuwa hakijajulikana, wala ugonjwa haukuwa na jina. Septemba 1982 idara hiyo ikaandika maana ya kwanza ya Ukimwi: mtu mwenye maradhi yanayoonyesha kuwa kinga ya mwili imeporomoka, pasipo sababu nyingine inayofahamika. Kuyathibitisha maradhi hayo kulihitaji maabara na wataalamu wa hadubini.

Sasa tazameni huku kwetu. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza walitambuliwa mkoani Kagera. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, wananchi waliuita ugonjwa ule silimu, yaani wembamba. Je, hospitali ya wilaya yenye hadubini moja ingefuata mwongozo wa Marekani? Kipimo cha damu nacho kiliidhinishwa huko Marekani Machi 1985, na kilikuwa ghali.

Ndipo Oktoba 1985 Shirika la Afya Duniani lilipowakutanisha wataalamu mjini Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati. Wakatunga mwongozo usiohitaji maabara. Dalili kubwa zilikuwa tatu: kupungua uzito kwa zaidi ya asilimia 10, kuharisha kwa zaidi ya mwezi mmoja, na homa ya zaidi ya mwezi mmoja. Dalili ndogo zilikuwamo kikohozi cha zaidi ya mwezi, muwasho wa ngozi mwili mzima, mkanda wa jeshi unaorudi rudi, utando mweupe mdomoni na kuvimba mitoki. Mtu mzima mwenye dalili kubwa mbili na ndogo moja, bila saratani wala utapiamlo mkali, alihesabiwa kuwa na Ukimwi.

Nimesema "alihesabiwa", na neno hilo tulishike. Mwongozo wa Bangui ulitungwa ili nchi zijue ugonjwa umeenea kiasi gani. Haukutungwa ili jirani amhukumu jirani yake.

Kasoro yake haikuchelewa kuonekana. Mgonjwa wa kifua kikuu hukonda, hupata homa ya muda mrefu na hukohoa. Hesabuni wenyewe: kubwa mbili, ndogo moja. Kwa hiyo mtu mwenye kifua kikuu peke yake, ugonjwa unaopona kwa dawa, aliweza kuandikwa Ukimwi. Na yule mwenye virusi lakini mnene, mwenye afya na anayecheka, mwongozo ulimpita bila kumgusa.

Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani likarekebisha. Penye uwezo wa kupima damu, pakatakiwa jibu la kipimo pamoja na dalili. Pasipo na kipimo, mwongozo wa zamani ukabaki, ila kikohozi cha mwenye kifua kikuu kisihesabiwe tena kuwa dalili ndogo.

Msidhani ni sisi tu tuliorekebishwa. Huko Marekani mwongozo uliandikwa kwa kuangalia zaidi wagonjwa wanaume, na wanawake walikuwa wakifa bila kuhesabiwa. Walipiga kelele, wakaandamana. Kuanzia Januari 1993 saratani ya shingo ya kizazi iliyosambaa ikaingizwa kwenye orodha, pamoja na kifua kikuu cha mapafu na kiwango cha chini cha chembe za kinga katika damu. Tendo hilo la kalamu liliongeza idadi ya wagonjwa. Ugonjwa haukuwa umelipuka mwezi ule; kilichokuwa kimefichika ndicho kilichohesabiwa.

Siku hizi kipimo cha haraka hutoa jibu ndani ya nusu saa, na kipo cha kujipima mwenyewe. Hata hivyo mabadiliko hayakukoma. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kila nchi itumie vipimo vitatu vinavyofuatana kabla ya kumwambia mtu kuwa ameambukizwa. Kwa nini? Wengi wenye virusi wamekwishatambuliwa, na katika waliobaki wenye navyo ni wachache. Penye wachache, kosa dogo la kipimo huwa kubwa: katika wanaoambiwa wanavyo, sehemu ya walioambiwa kimakosa huongezeka.

Basi, ndugu wasikilizaji, mwongozo wa ugonjwa mpya ni kama ramani ya nchi ambayo bado inatembelewa. Mchoraji akifika mtoni, hurudi kuuchora mto. Wa kuogopwa ni yule anayeuona mto na bado anakataa kuuchora.

Na hapa ndipo aibu inapoturudia sisi wa mtaani. Madaktari wameubadili mwongozo wao mara kadhaa. Sisi bado tunatumia wembamba na mkanda wa jeshi. Mtu akikonda, minong'ono huanza. Akikohoa mwezi mzima, kikombe chake hutengwa. Naye kwa kuogopa macho yetu haendi zahanati, kumbe pengine ni kifua kikuu ambacho kingetibiwa, na ambacho sasa anawaambukiza watoto wake. Wakati huo huo tunamchagua mchumba kwa kuangalia mashavu, tukiamini unene ni cheti cha afya.

Macho hayapimi damu. Tangu mwaka 2016 Tanzania imefuata utaratibu wa kumpa dawa kila anayegundulika na virusi, bila kungoja augue. Anayezitumia sawasawa huishi, hulea na hufanya kazi, na huwezi kumjua kwa kumtazama. Anayepotea ni yule aliyechelewa kupima kwa sababu majirani walikwishampima kwa macho.

Kwa hiyo, tukisikia mwongozo umebadilika tena, tuulize umebadilika kwa sababu gani, kisha tuufuate. Na mwongozo wetu wa mtaani, ule wa silimu, tuuache upumzike. Umefanya kazi ya kuumiza watu kwa zaidi ya miaka 40.

Hadi juma lijalo, kwaherini.