Mikanda Je?



Tangu 2017 sheria yetu inataka gari la shule liwe la manjano, na kila mtoto awe na mkanda wake. Rangi tunaiona hapa Jogoo Road kila asubuhi. Mikanda je? Nani ameangalia?

Mwaka huo huo, Mei, jirani zetu kule Arusha, Tanzania, walizika wanafunzi 32 wa Lucky Vincent, walimu wawili na dereva. Watoto watatu tu walipona. Mwenye shule alipelekwa kortini, lakini korti hairudishi mtoto.

Basi tuulize mapema. Panda ndani, hesabu viti, hesabu watoto. Uliza cheti cha ukaguzi. Wakikataa kukuonyesha, mshukishe mwanao, upige ripoti. Unalipa nauli, kuuliza ni haki yako.