Mikono Miwili, Watoto Wanane: Ulezi wa Majumbani na Zoezi la Moto



Niliombwa nizungumzie haki ya mtoto. Mada hiyo ni pana, nami nimechagua upande wake mmoja usiopata nafasi katika semina zetu: mtoto anayeachwa alfajiri kwa mama jirani, wazazi wake wakaenda sokoni au kwenye kibarua. Hapa Dar es Salaam akina mama hao tunao katika kila mtaa. Chumba kimoja au viwili, mkeka, magodoro, jiko barazani, watoto sita au wanane. Bila wao familia nyingi zisingepata riziki. Swali langu ni hili: moto ukizuka saa saba mchana, watoto wote wamelala, mama yule atawatoaje?

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo vya kulelea watoto mchana visajiliwe. Wapo wanaosema kwamba wasiosajiliwa wafungiwe mara moja. Sikubaliani nao. Chumba kile kikifungwa leo, kesho mtoto atafungiwa kwao peke yake kwa kufuli, au ataachiwa dada yake wa miaka tisa. Usajili ni jambo jema, na yatupasa kuwasaidia akina mama hawa waufikie. Lakini moto haungojei cheti, wala haukiogopi.

Tarehe 5 Juni 2009, katika mji wa Hermosillo nchini Mexico, moto ulianza katika ghala lililopakana na kituo cha kulelea watoto wadogo. Ilikuwa saa ya usingizi wa mchana. Watoto 49 walipoteza maisha. Kituo kile hakikuwa cha kificho. Kilifanya kazi kwa mkataba na shirika la umma la hifadhi ya jamii. Njia za kutokea hazikutosha, hata ikabidi ukuta ubomolewe kwa kugongwa na gari. Sheria iliyotungwa nchini humo mwaka 2011 iliagiza zoezi la kujiokoa lifanyike walau mara moja kila miezi miwili, nalo liwashirikishe wote wanaokuwamo ndani kwa kawaida. Februari mwaka huo huo wa 2011, huko Houston, Marekani, watoto wanne walikufa katika nyumba iliyoruhusiwa kisheria kulea watoto. Mlezi alikuwa amekwenda dukani, akiacha mafuta juu ya jiko linalowaka.

Nao jirani zetu wa Kenya hawajasahau Kyanguli. Machi 2001 wanafunzi 67 waliungua bwenini. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yana nondo. Tutazame sasa madirisha yetu wenyewe. Nondo tunaziweka kwa kumwogopa mwizi, na hofu hiyo ina sababu. Hata hivyo fundi wa kuchomelea anaweza kutia bawaba katika dirisha moja, likafunguka kwa ndani. Na ufunguo wa mlango utundikwe kando ya mlango, juu kidogo ya kimo cha mtoto, usifichwe chini ya godoro.

Nije kwenye zoezi lenyewe. Mama ana mikono miwili. Kati ya watoto wanane, tuseme watatu hawajajua kutembea. Mmoja atafungwa mgongoni kwa kanga, wawili watabebwa. Je, wale watano? Hapa ndipo naona kosa la wengi: tunalifikiri zoezi la moto kuwa kazi ya mlezi. Ni kazi ya majirani. Fundi cherehani wa ng'ambo ya njia na mama wa genge wakubaliane naye mapema: filimbi ikilia, au sufuria ikigongwa mfululizo, wanaacha walichoshika na kuja mlangoni kupokea wachanga. Wanaotembea washike kamba yenye mafundo, kila mtoto fundo lake. Wakusanyike mahali pamoja panapojulikana, chini ya mwembe kwa mfano, si katika njia ya magari. Hapo wahesabiwe kwa daftari la mahudhurio, na daftari hilo litoke pamoja nao.

Zoezi lifanywe watoto wakiwa usingizini, wala si baada ya kuwaamsha na kuwavika viatu. Mara ya kwanza watalia, na mmoja atajificha uvunguni. Ndivyo mtoto mdogo afanyavyo aonapo moto, na ndiyo sababu ya kufanya zoezi. Wafundishwe pia kutambaa, kwa maana moshi hupanda juu, na moshi wa godoro la sponji huua kabla ya ndimi za moto kufika. Muda upimwe kwa saa. Iandikwe pia kilichokwama.

Nasisitiza kuandika ukweli. Nimepata kuona daftari ambamo mazoezi ya miezi sita yameandikwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, yote yakiwa na dakika mbili kamili. Mkaguzi alikuwa ameweka sahihi.

Kwa mafuriko na tetemeko taratibu ni nyingine. Ndugu zetu wa Kagera, waliotikiswa Septemba 2016, wanajua kwamba ardhi inapotikisika mtoto hujikinga kwanza chini ya meza imara. Kutoka nje hungoja mtikisiko ukome. Wanaoishi bonde la Msimbazi nao wakubaliane ni kwa nani watoto watapandishwa maji yakija.

Basi, kabla ya mkutano wa mwezi ujao kila Jumuiya Ndogo Ndogo ihesabu walezi wa eneo lake, Wakristo na Waislamu bila ubaguzi, na iwatembelee kwa upole, pasipo kalamu ya ukaguzi mkononi. Namba 114 ya Zimamoto iandikwe ukutani kwa herufi kubwa, ingawa gari lao laweza kukwama vichochoroni na dakika za kwanza zitakuwa zetu. Gharama ya bawaba isiachiwe mlezi peke yake. Wazazi wa watoto wale wachangie, na pale wasipoweza, kamati ya parokia itoe kwanza fedha za dirisha, za sare za sikukuu zisubiri.