MINAZI INAPUKUTISHA: MANENO YA KATIBU WA CHAMA MKUTANONI

Maneno yangu ya Jumamosi yanabandikwa hapa kwa ajili ya wale waliokuwa shamba.

Jambo lenyewe ni minazi. Ugonjwa wa kunyong'onyea umeshaingia upande wa bondeni, na sisi tunaupa kila jina: wengine chonga, wengine jicho la mtu. Mimi mwenyewe minazi yangu minne ilipokufa nilimnunia jirani yangu mwaka mzima. Nasema mbele ya watu: sikuwa na haki.

Tuutazame mti vizuri. Chonga anakata, kwa hiyo kuti likifunguka utaliona limekatwa kama kwa mkasi, na kileleni pana tundu. Huyo tunamtoa kwa waya. Kunguni wa minazi anachoma vidaka, vikianguka vina kovu na utomvu. Adui yake ni maji moto; basi msiwaunguze maji moto jamani, ingawa wanauma. Lakini kunyong'onyea hakuna tundu wala kovu. Zinapukutika zote: kidaka, kitale, dafu. Pasua karara jipya. Ukikuta maua yameungua meusi, ndio wenyewe huo. Kisha makuti yanageuka manjano kuanzia ya chini, kilele kinaoza na kuanguka, unabaki mlingoti. Miezi michache tu.

Kinachoua kinaitwa fitoplazma. Hakionekani kwa macho, kinakaa ndani ya mishipa inayopitisha chakula cha mti. Hakienei kwa panga. Hubebwa na wadudu wadogo wanaoruka, hawazidi punje ya mchele, wenye mdomo wa kufyonza. Kinazaana mwilini mwa mdudu, naye akienda kufyonza mti mwingine anakiacha humo. Kule Florida, Marekani, mdudu wa namna hiyo alithibitishwa mwaka 1983. Kwetu Tanzania, mwaka 2000 wataalamu walitangaza kwamba wamekuta alama za fitoplazma hiyo ndani ya wadudu wa aina mbili, na mmoja jina lake la kitaalamu limetokana na Mkuranga, hapa hapa Pwani.

Kumpulizia dawa mdudu juu ya mnazi wa futi 60 hatuwezi, tusidanganyane. Na mti ukishaugua hauponi.

Kwa hiyo tumekubaliana: mnazi wenye dalili ukatwe, maana unawalisha wadudu hao. Gogo lisiachwe likaoza, chonga anataga humo. Lichanwe mbao au liwe kuni. Mzee mmoja aliniuliza, "Katibu, nikate na bado una koroma sita?" Nikamjibu, Mzee wangu, angua koroma zako leo, kesho tukate. Mbegu tutachukua kwenye minazi mirefu ya asili iliyobaki mizima katikati ya iliyokufa.

Mwenye wasiwasi na mnazi wake aje kwangu jioni, twende wote tukapasue karara tuone. Msumeno wa ushirika uko ghalani.