Rangi za Wino na Kazi Zake

(Mazungumzo kwa watu wa Mvumi)

Ndugu zetu wa Mvumi, tumekuja kusema nanyi habari za wino. Labda wengine watacheka, wakisema wino ni wino, madhali maandishi yasomeka. Lakini mtu auzapo ng'ombe au agawapo shamba, shahidi wake ni karatasi. Wino ukipotea, majirani wawili huenda barazani kwa maneno matupu.

Wino mweusi ndio mkubwa wao. Ule wa kale ulifanywa kwa masizi na gundi, na weusi wa masizi haupaushwi na jua. Katika misahafu iliyoandikwa kwa mkono huko Siyu, kisiwani Pate, karne ya 18 na ya 19, maneno ni meusi. Rangi nyekundu na ya manjano ni za mapambo na alama.

Wino wa buluu una habari ndefu zaidi. Siku za kalamu za kuchovya, maofisi yalipenda wino wa buluu-nyeusi, uliofanywa kwa chumvi ya chuma na maji makali ya mimea, namna ile itengenezayo ngozi. Uandikwapo ulikuwa hafifu, ndiyo sababu ukatiwa buluu ili mwandishi aone aandikacho. Kisha hewa iliyageuza maandishi kuwa meusi, yakashika karatasini. Buluu ya watoto wa shule haikuwa na chuma. Ilitoka nguoni kwa kufuliwa, jambo lililowapendeza akina mama, lakini matone machache ya mvua yapitayo katika dari ya tembe yalitosha kuufanya mkataba kuwa doa.

Kalamu za biki zina wino wa mafuta, nazo zastahimili maji. Ila jua hupausha maandishi yake, na mdanganyifu aweza kuyafuta kwa spiriti. Hata hivyo buluu yafaa kwa sahihi. Nakala nyingi za mashine ni nyeusi tupu, basi sahihi ya buluu huonyesha upesi ipi ni hati yenyewe.

Tena jihadharini. Tangu mwaka 2006 zauzwa kalamu za Kijapani ziitwazo Frixion, ambazo wino wake hutoweka kwa joto la nyuzi 60 hivi. Kwa macho ni nyeusi au buluu kama nyingine, lakini hati ikiachwa garini juani yaweza kurudi nyeupe. Uendapo kwa mtendaji wa kijiji, chukua kalamu yako mwenyewe uijuayo.

Wino mwekundu ni wa mwalimu na wa kusahihisha. Usiandikie mapatano, wala mtihani: Baraza la Mitihani lataka buluu au nyeusi, na michoro kwa penseli.

Asiyejua kuandika atie dole gumba, lakini kwa wino kidogo. Ukizidi, mistari ya kidole huzibana, na dole lisilo na mistari halimtambulishi mtu.

Ama risiti za mashine za kodi, zilizoanza kutumika nchini mwaka 2010, nyingi hazina wino kabisa. Karatasi yenyewe hugeuka nyeusi kwa joto, kisha hufifia. Ukinunua bati au pampu ya maji yenye dhamana ya mwaka, itolee risiti nakala siku ile ile, uiweke nakala pamoja na hati ya shamba ndani ya mkebe wenye kifuniko.